Nani Ameruhusiwa Kugusa Salio? Somo la Methodi kwa Anayeanza Kuandika Programu

Leo tunafungua upande wa huduma za pesa ambao mteja huuona mara chache: msimbo, yaani yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza. Usiogope. Huhitaji digrii ya kompyuta. Kama unajua kuangalia salio, kuweka pesa kwa wakala na kumtumia mtu pesa, basi nusu ya somo hili tayari unayo kichwani.

Tuanze na swali. Una shilingi 2,000 kwenye simu, unamtumia ndugu yako 500. Tuweke ada kando kwa sasa. Sekunde chache baadaye salio lako linasoma 1,500. Ni nani aliyepunguza ile nambari? Si wewe, wewe umeomba tu. Si ndugu yako, wala si wakala. Kuna kipande kidogo cha msimbo kilichopewa kazi hiyo moja: kukagua ombi, kupunguza salio, na kutoa jibu. Kipande cha namna hiyo, kinachoishi ndani ya kitu na kukifanyia kazi, ndicho huitwa methodi.

Kwa nini tunalileta somo hili hapa? Kwanza, vijana wengi siku hizi wanajifunza kuandika programu, na mfano wa pesa za simu ni rahisi kuelewa kuliko ile mifano ya magari na mbwa iliyojaa vitabuni. Pili, wenye biashara na vyama wanatengenezewa mifumo ya kuhifadhi hesabu, na wengi wanaipokea bila kujua waulize nini. Mfumo ukiandikwa vibaya, pesa haihitaji mwizi ndipo ipotee. Inaweza kupotea, au hata kuzaliwa kutoka hewani, kwa sababu ya mstari mmoja tu. Leo tutakuonyesha mstari huo.

Tutatumia lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Tumeichagua kwa sababu inasomeka karibu kama sentensi za kawaida, na unaweza kuijaribu bure kwenye kompyuta au hata kwenye kivinjari cha simu yako.

Kitu na kalibu yake

Fikiria pochi ya simu. Kuna yale iliyo nayo: jina la mwenyewe na salio. Kisha kuna yale inayoweza kufanya: kuweka, kutoa, kutuma. Yale iliyo nayo huitwa sifa. Yale inayoweza kufanya huitwa methodi. Ukizifunga sifa na methodi pamoja mahali pamoja, umepata kitu.

Wazo hili lilianzia Norwei miaka ya 1960. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakifanya kazi jijini Oslo, walitaka kuiga mambo ya ulimwengu ndani ya kompyuta, wakatengeneza lugha iitwayo Simula. Badala ya kutupa data upande mmoja na maagizo upande mwingine, waliviweka pamoja. Lugha nyingi tunazotumia leo, Python na Java zikiwemo, zimerithi wazo hilo.

Kumbuka sarufi ya shuleni. Sifa ni kama nomino, methodi ni kama kitenzi. Ndiyo maana jina zuri la methodi huwa kitenzi: weka, toa, tuma. Ukikutana na methodi iliyoitwa "mambo" au "pesa2", jua aliyeiandika hakuwa na uhakika inafanya nini.

Sasa, pochi za wateja ni nyingi sana. Je, tuiandike kila moja upya? La. Fanya kama fundi wa matofali. Fundi ana kalibu moja, lakini anafyatua matofali mengi. Yote yana umbo moja, ila ukivunja moja, jingine halivunjiki. Kwenye programu, kalibu hiyo huitwa klasi, na kila tofali ni kitu.

```
class Pochi:
    def __init__(self, mwenyewe):
        self.mwenyewe = mwenyewe
        self.salio = 0

duka = Pochi("Duka la mboga")
boda = Pochi("Bodaboda wa stage")
```

Tusome pamoja. Neno `class` linaanzisha kalibu, nasi tumeiita Pochi. Neno `def` linaanzisha methodi. Ile yenye jina la ajabu, `__init__`, ni methodi pia, ila Python huiita yenyewe mara moja tu, wakati kitu kinapozaliwa. Ichukue kama siku ya kufungua akaunti: jina linaandikwa, salio linaanza sufuri. Hiyo `self` usijali kwanza, tunaifikia hivi karibuni.

Angalia pia zile nafasi nne mwanzoni mwa mistari. Si mapambo. Python inatumia nafasi hizo kujua kwamba methodi iko ndani ya klasi. Ukiziacha, methodi inatoka nje ya nyumba.

Mwishowe tumefyatua pochi mbili: moja ya duka, moja ya bodaboda.

Methodi yetu ya kwanza

Pochi isiyoweza kupokea pesa ni ya nini? Hebu tuiongezee methodi ya kuweka, ndani ya klasi ileile:

```
    def weka(self, kiasi):
        self.salio = self.salio + kiasi
```

Kisha tuitumie:

```
duka.weka(2000)
print(duka.salio)    # 2000
print(boda.salio)    # 0
```

Alama ya `#` inaanzisha maelezo ya binadamu, kompyuta huyaruka. Tumeyatumia kuonyesha matokeo.

Hiyo nukta kati ya `duka` na `weka` ndiyo roho ya somo. Isome hivi: "Wewe pochi ya duka, weka 2,000." Na kweli, salio la duka limepanda, la bodaboda halijaguswa. Tofali moja, si yote.

Neno `kiasi` lililo ndani ya mabano huitwa parameta. Ni kama ile nafasi tupu kwenye fomu ya benki iliyoandikwa "Kiasi". Fomu ni moja, lakini leo unaweza kuijaza 2,000, kesho 50.

Sasa utauliza: kwani `print` nayo si methodi? Imeandikwa vilevile, jina na mabano. Hapana. `print` ni fankisheni, yaani inajitegemea, haiishi ndani ya kitu chochote. Unaiita kwa jina lake basi. Methodi lazima iitwe kupitia mwenyewe. Ukiandika `weka(2000)` peke yake, Python itakwambia haijui jina hilo. Na ina haki! Weka kwenye pochi ya nani?

Hii self ni nani?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, lakini msemaji wa Kiswahili ana bahati.

Kwa Kiswahili huwezi kusema "metuma" ukaachia hapo. Mtu atakuuliza, nani? Kitenzi kinadai nafsi: nimetuma, umetuma, ametuma. Silabi ndogo ya mwanzo inabeba mtendaji. `self` inafanya kazi hiyohiyo. Ndani ya methodi, kitu chenyewe ndicho kinachozungumza, kwa hiyo `self` ni ile "ni-", na `self.salio` ni "salio langu". Mstari wa methodi ya `weka` unasema: "Salio langu sasa liwe salio langu la awali, jumlisha kiasi."

Duka ikiitwa, "langu" ni la duka. Bodaboda akiitwa, "langu" ni la bodaboda. Msimbo ni mmoja, mwenyewe anabadilika.

Jambo moja zaidi. Tulipoandika `duka.weka(2000)` tulitoa thamani moja tu, ilhali methodi ina nafasi mbili: `self` na `kiasi`. Nafasi ya kwanza Python huijaza yenyewe kwa kitu kilicho kabla ya nukta. Ndiyo maana ukisahau kuandika `self` kwenye mabano ya methodi, unapata malalamiko yanayochanganya: Python inasema methodi inapokea thamani moja lakini imepewa mbili. Unajiuliza, mbili zimetoka wapi na mimi nimetoa moja? Sasa unajua. Ile nyingine ni pochi yenyewe.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Tuseme ndani ya methodi umeandika `salio = 2000` badala ya `self.salio = 2000`. Python haitalalamika. Itatengeneza jina la muda liitwalo `salio`, na methodi ikiisha jina hilo linatupwa. Salio la pochi halijabadilika. Ni kama wakala aliyepokea noti zako, akaandika kwenye karatasi, halafu akaitupa karatasi.

Methodi si kikokotoo tu, ni mlinzi

Tuandike methodi ya kutoa pesa, kwa haraka haraka:

```
    def toa(self, kiasi):
        self.salio = self.salio - kiasi
```

Inafanya kazi? Duka lina 2,000, tukitoa 500 inabaki 1,500. Safi. Lakini hebu tuijaribu kama mtu mjanja.

`duka.toa(5000)`, na duka lina 2,000 pekee. Salio linakuwa hasi 3,000. Tumempa mtu mkopo ambao hakuna aliyeuidhinisha.

`duka.toa(-500)`. Kutoa hasi ni kujumlisha, tulifundishwa shule ya msingi. Elfu mbili toa hasi mia tano ni 2,500. Mtu ameomba *kutoa* pesa, na salio lake *limepanda*. Methodi imetii hesabu, lakini haikutumia akili.

Methodi nzuri hukagua kwanza, kisha hutenda:

```
    def weka(self, kiasi):
        if kiasi <= 0:
            return False
        self.salio = self.salio + kiasi
        return True

    def toa(self, kiasi):
        if kiasi <= 0:
            return False
        if kiasi > self.salio:
            return False
        self.salio = self.salio - kiasi
        return True
```

Kwa maneno ya kawaida: kama kiasi ni sufuri au hasi, kataa. Kama kiasi kinazidi salio langu, kataa. Ukipita vizuizi hivyo, punguza, kisha sema imefaulu.

Neno `return` hufanya mambo mawili kwa mpigo. Linamaliza methodi papo hapo, mistari ya chini haisomwi tena. Pia linampa jibu yule aliyeiita. `True` ni ndiyo, imefanyika. `False` ni hapana, haijafanyika.

Usichanganye `return` na `print`. `print` huonyesha maandishi kwenye skrini, ni kwa macho ya binadamu. `return` hukabidhi jibu kwa msimbo mwingine. Tofauti yake ni kama wakala anayetangaza kwa sauti "pesa imetoka!" na wakala anayekuwekea noti mkononi. Kelele haijazi mfuko. Methodi isiyo na `return` hurudisha `None`, yaani hakuna kitu, hata kama imeandika maneno mazuri namna gani kwenye skrini.

Mstari unaozaa pesa hewani

Sasa tumefika kwenye ule mstari tuliokuahidi. Tunataka methodi ya kutuma. Kutuma ni nini? Ni kutoa upande huu na kuweka upande ule. Methodi zote mbili tayari tunazo, na methodi inaweza kuita methodi nyingine. Rahisi, si ndio?

```
    def tuma(self, mpokeaji, kiasi):
        self.toa(kiasi)
        mpokeaji.weka(kiasi)
```

Soma tena. Inaonekana sawa kabisa. Wengi wangeipitisha.

Turudishe hesabu mwanzo: duka lina 2,000, bodaboda ana 0. Jumla ya pesa kwenye mfumo ni 2,000. Sasa tuite `duka.tuma(boda, 5000)`.

Mstari wa kwanza unaita `toa`. `toa` inakagua, inaona pesa hazitoshi, inarudisha `False`. Imefanya kazi yake vizuri, imekataa. Lakini `tuma` haikusikiliza jibu! Inaendelea na mstari wa pili na kumwekea bodaboda 5,000.

Matokeo: duka bado lina 2,000, bodaboda ana 5,000. Jumla ni 7,000. Shilingi elfu tano zimezaliwa hewani. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna taa nyekundu. Kila mtu anaendelea na kazi mpaka siku bodaboda aende kutoa pesa, na mtu fulani alazimike kulipa noti za kweli kwa pesa ambazo hazikuwahi kuwepo. Kama mfumo ni wa chama, huyo mtu ni wanachama.

Dawa ni kusikiliza jibu:

```
    def tuma(self, mpokeaji, kiasi):
        if self.toa(kiasi):
            mpokeaji.weka(kiasi)
            return True
        return False
```

Sasa kuweka hutokea tu ikiwa kutoa kumefaulu. Mlinzi akikataa, safari imeishia hapo.

Chukua kipimo hiki utembee nacho: *jumla ya pesa kabla ya kutuma na jumla baada ya kutuma lazima zilingane.* Kama kuna ada, ihesabu nayo mahali ilipoenda. Jumla ikipanda au ikishuka yenyewe, kuna methodi inayodanganya.

Labda unawaza, je, umeme ukipotea katikati, duka limeshatolewa pesa lakini bodaboda hajawekewa? Swali zuri. Mifumo halisi ya pesa huweka salio kwenye hifadhidata, na hifadhidata inaweza kuagizwa kwamba hatua mbili zifanyike zote au isifanyike hata moja. Hilo ni somo la siku nyingine, lakini wazo ni lilelile: pesa isiachwe njiani.

Mlango wa nyuma

Tumeweka walinzi kwenye `weka`, `toa` na `tuma`. Lakini mtu akiandika hivi je?

```
duka.salio = 1000000
```

Python inakubali. Hakuna methodi iliyoitwa, hakuna kilichokaguliwa. Duka la mboga limekuwa na milioni.

Fikiria vikundi vya akiba vinavyotumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa mkutanoni, pesa huhesabiwa mbele ya wote, na kila kiasi huandikwa kitabuni. Sasa kata tundu nyuma ya sanduku hilo. Kufuli tatu zina maana gani tena?

Methodi ndizo kufuli. Salio ndilo lililo ndani. Kanuni ni kwamba yeyote anayetaka kulibadilisha apitie methodi. Kwenye Java unaweza kuifunga sifa kabisa ili msimbo wa nje usiiguse. Python haifungi hivyo. Inategemea heshima: ukianza jina la sifa na mstari wa chini, kama `_salio`, unawaambia waandishi wenzako "hii ni ya ndani, usiiguse moja kwa moja." Anayepuuza anajua anachofanya.

Tukishaficha salio, tunahitaji methodi ya kulitazama, na kitabu cha kuandikia. Hii hapa klasi yetu nzima:

```
class Pochi:
    def __init__(self, mwenyewe):
        self.mwenyewe = mwenyewe
        self._salio = 0
        self._kitabu = []

    def onyesha_salio(self):
        return self._salio

    def weka(self, kiasi):
        if kiasi <= 0:
            return False
        self._salio = self._salio + kiasi
        self._kitabu.append(("weka", kiasi))
        return True

    def toa(self, kiasi):
        if kiasi <= 0 or kiasi > self._salio:
            return False
        self._salio = self._salio - kiasi
        self._kitabu.append(("toa", kiasi))
        return True

    def tuma(self, mpokeaji, kiasi):
        if self.toa(kiasi):
            mpokeaji.weka(kiasi)
            return True
        return False
```

`_kitabu` ni orodha iliyoanza tupu. Kila pesa inapoingia au kutoka, mstari unaongezwa. Na hiyo `append` ni nini? Tazama nukta iliyo mbele yake. Ni methodi! Orodha za Python ni vitu pia, na huja na methodi zake. Umekuwa ukitumia methodi bila kujua jina.

Tahadhari ndogo: andika `duka.onyesha_salio()` na mabano yake, hata kama huna cha kuweka ndani. Ukiyaacha, Python haitaitekeleza methodi. Itakuonyesha tu maandishi marefu ya ajabu kuihusu. Ni kama kunyooshea kitufe kidole bila kukibonyeza.

Neno kuhusu senti

Fungua Python uandike `0.1 + 0.2`. Jibu litakuwa 0.30000000000000004. Kompyuta yako si mbovu. Namba za desimali huhifadhiwa kwa mfumo wa sufuri na moja, na nyingine haziingii humo kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kamili kwa desimali. Kwa picha si neno. Kwa pesa, vijipande hivyo vikijikusanya kwenye miamala maelfu, hesabu hazilingani. Njia moja inayotumika sana ni kuhifadhi salio kwa senti, kama namba kamili: shilingi 500 huwa 50000. Ukifika kwenye skrini ya mteja, ndipo unagawanya kwa 100.

Maswali ya kumuuliza anayekutengenezea mfumo

Hata kama huna mpango wa kuandika msimbo, somo hili linakupa maswali matatu ya kuuliza kabla ya kulipa fundi wa programu:

1. *Salio linabadilishwa wapi?* Jibu zuri linataja methodi chache zinazojulikana. Akisema "sehemu nyingi tu", shtuka.
2. *Nikiingiza kiasi hasi, sufuri, au kinachozidi salio, nini kitatokea?* Usingoje maelezo. Jaribu mbele yake, kwa data ya majaribio.
3. *Kila badiliko linaandikwa?* Salio lisilo na kitabu ni neno la mtu dhidi ya mtu mwingine.

Na jambo moja lisilohitaji kuulizwa: hakuna fundi wa programu anayehitaji nambari yako ya siri ili akutengenezee mfumo. Akiiomba, kataa.

Mazoezi

Kusoma peke yake hakutoshi, vidole lazima vifanye kazi. Nakili klasi hapo juu kisha ujaribu haya.

*Zoezi la 1.* Ongeza ada. Tuseme kutuma ni shilingi 10. Duka lina 500 na linataka kutuma 500. Je, ikubaliwe? Ada iende pochi gani ili jumla ilingane?

*Zoezi la 2.* Andika methodi iitwayo `kitabu_chote` inayorudisha orodha ya miamala. Hakikisha inarudisha, si kuonyesha kwenye skrini tu.

*Zoezi la 3, la wajasiri.* Ongeza methodi `funga`, ili pochi iliyofungwa ikatae kuweka na kutoa. Kisha funga pochi ya bodaboda na uite `duka.tuma(boda, 300)`. Angalia salio zote mbili. Pesa imetoka kwa duka, haijafika kwa bodaboda. Iko wapi? Soma `tuma` tena polepole. Tulisikiliza jibu la `toa`, lakini kuna jibu la pili ambalo bado hatujalisikiliza. Rekebisha mpaka jumla ilingane, hata pale mpokeaji anapokataa.

Ukimaliza hilo la tatu, wewe si mgeni tena kwenye methodi. Utakuwa umeshaelewa kwamba methodi ni mlango wenye mlinzi, na kwamba mlinzi akisema hapana, lazima kuwe na mtu wa kumsikiliza. Somo lijalo tutaangalia jinsi klasi moja inavyoweza kurithi methodi za nyingine, ili pochi ya biashara isianze kuandikwa upya kutoka mwanzo. Mpaka hapo, kila la heri na msimbo wako.